Tone ndani ya jiwe lahifadhi siri ya kuzaliwa kwake

Ndani ya fuwele nyingi za miamba ya pegmatiti mna matone ya majimaji yasiyoonekana kwa macho matupu. Yalinaswa humo fuwele zilipokuwa zikikua, na mara nyingi kila tone lina kiputo kidogo.

Mwaka 1858, mwanasayansi Mwingereza Henry Clifton Sorby, wa mji wa Sheffield, alieleza kuwa kiputo hicho ni kipimajoto. Majimaji yanapopoa husinyaa, na nafasi inayobaki hujaa mvuke. Jiwe likipashwa moto chini ya hadubini, majimaji hutanuka hadi kiputo kikatoweka. Joto la wakati huo ndilo la chini kabisa ambalo tone lingeweza kunaswa. Tone likigandishwa, hufichua chumvi yake: barafu ya maji safi huyeyuka kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, ilhali ile ya maji yenye asilimia 10 ya chumvi humalizika kuyeyuka karibu nyuzi 7 chini ya sifuri.

Katika pegmatiti ya Tanco, jimboni Manitoba, Kanada, yenye utajiri wa lithiamu na tantalamu, ushahidi wa aina hii umewasaidia wanajiolojia kufuatilia jinsi mwamba ulivyopoa na madini hayo yalivyojikusanya.

Hata hivyo, matone mengine huingia baadaye kupitia nyufa ambazo huziba tena. Atakayeyapima bila kuyatenga atasoma historia ya ufa, akidhani ni ya jiwe.