Bei ya Insafu kwa Skana Iliyokwisha Kutumika

Nyuma ya mapazia ya studio za picha, hapa Bariadi kama katika miji mingi ya nchi yetu, yamo masanduku ya negativu ambazo, tangu zilipochapwa mara moja enzi za mikanda, hazikupata kuonwa tena na jicho la mtu: bibi arusi aliyesimama wima kwa haya, mkulima aliyejipiga picha siku alipolipwa fedha za pamba, mwanafunzi aliyehitaji paspoti ya kupeleka shuleni. Wengi wa wenye nyuso hizo wamekwisha tangulia mbele ya haki, na mjukuu anapokuja kuuliza kama sura ya babu yake yaweza kupatikana, mwenye studio huingiwa na shauku ya kununua skana, na pengine vyombo vya kusafishia mikanda pamoja nayo. Na kwa kuwa vipya ni adimu na ghali, huwaendea madalali wa Mwanza na Dar es Salaam. Huyo ndiye ninayemwandikia.

Urahisi wa bei ya vyombo vilivyokwisha kutumika una sababu yake. Kampuni ya Noritsu ya Wakayama, nchini Japani, ilipotoa mashine yake ya QSS mwaka 1976, kazi ya kusafisha na kuchapa picha iliweza kufanyika yote ndani ya duka moja, na mashine za jinsi hiyo zikaenea duniani kote. Kisha zikaja kamera za dijiti, na baada yake simu, hata Januari 2012, mwaka ule ule ambao mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa kutokana na sehemu za Shinyanga na Mwanza, Kodak yenyewe ikaomba himaya ya mahakama ya Marekani dhidi ya wadai wake. Mashine zilizogharimu mali nyingi sasa hutolewa kwa bei ya chuma chakavu.

Lakini mashine kubwa itolewayo hata bure yaweza kumfilisi aliyeipokea. Mkanda wa rangi husafishwa kwa dawa iliyopashwa moto hadi nyuzi 38 hivi, kwa dakika 3 na sekunde 15, na dawa hiyo ikikaa ndani ya matangi bila mikanda ya kutosha kupita kila siku, huharibiwa na hewa, ikabidi imwagwe na kununuliwa nyingine. Basi katika mji ambao mikanda haifiki kumi kwa mwezi, mashine hula fedha hata ikiwa imelala. Kwa mwenye mikanda michache lafaa zaidi kopo la mkono, lile la plastiki lisilopitisha nuru, lenye koili ya kuviringia mkanda: lijaze maji mbele ya muuzaji, lifunge, ulipindue juu chini, na likivuja mrudishie. Mikanda ya rangi mbili, nyeusi na nyeupe, hupenda nyuzi 20, kwa hiyo kipimajoto cha kweli na beseni la barafu, kwa jua letu la mchana, vina thamani kuliko mashine yoyote ya ghalani.

Skana ndiyo yenye hila nyingi. Skana ya kawaida ya ofisini, hata iwe nzuri namna gani, haisomi negativu, kwa sababu negativu yataka nuru ipite ndani yake kutoka juu. Funua kifuniko, na kama hakuna taa ndani yake, hapana haja ya kuendelea na mazungumzo. Zile za Nikon zilizotengenezwa kwa mikanda peke yake zilisifiwa kwa haki, ila zimekwisha acha kutengenezwa, na baadhi yake zinadai waya na kompyuta za zamani ambazo nazo zitataka kutafutwa na kulipiwa. Mimi mwenyewe niliwahi kutuma arubuni kwa muuzaji wa mbali, nikaletewa skana isiyo na vishikizo vya negativu, na kifaa chake cha umeme kimeandikwa volti 100, umeme wa Japani, ilhali wetu ni volti 230. Vishikizo nilivitafuta miezi mitatu, na huzuni ya fedha ile sijaisahau.

Ndiyo maana nasema bei ya insafu haisomwi juu ya chombo, bali huhesabiwa kutokana na kazi iliyobaki ndani yake. Anza na bei ya kipya chake au cha mfano wake, ushushe mpaka nusu, kisha utoe gharama ya kila kilichopungua: vishikizo, kifaa cha umeme, programu, kioo kilichoingia ukungu, na kama chatoka ng'ambo, utoe tena usafirishaji na kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Kinachosalia ndicho cha kutamka, bila kuona haya. Tena uombe khiyari, kama walivyofanya wafanyabiashara wa Pwani tangu kale, yaani siku chache za kurudisha chombo ikidhihiri aibu iliyofichwa, na masharti hayo yaandikwe katika stakabadhi.

Ukienda Mwanza kwa njia ya Lamadi, chukua negativu yako mwenyewe ndani ya bahasha, ile yenye uso unaoujua vizuri, uipitishe mara tatu mbele ya muuzaji: mstari mwembamba ukitokea mahali pale pale mara zote tatu, jicho la skana lina dosari au kioo chake ni kichafu, na kioo kikipanguswa nao mstari huo usipoondoka, funga bahasha yako. Nauli ya kwenda na kurudi nayo ni sehemu ya bei.