Bateri yenye imekufa: usiipasue mu lupango

Hapa Tenke, nyumba nyingi ziko na kona ya vitu vyenye vilikufa: redio, telefone, televizio ya mgongo, bateri ya motokari yenye ilikuwa inawasha taa umeme ukikatika. Mchimbaji hatupi kitu ovyo, anajua chuma ni franka. Njo maana bateri inapasuliwa kwa nyundo mu lupango, na waya zinachomwa ili shaba ibaki.

Lakini zaidi ya nusu ya uzito wa bateri ya motokari ni risasi, ile tunaita plomb. Mavumbi yake hayana harufu. Yanakaa mu udongo; mtoto anacheza, anaweka vidole mu kinywa, na sumu inaingia mu damu mpaka ku ubongo. Tumbo linamuuma, damu inapunguka, masomo yanamshinda.

Ku Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, Senegal, bamama walichekecha udongo wa fasi kulipasuliwa bateri, ili wauze risasi. Magunia waliyaweka mu nyumba. Kati ya 2007 na 2008, watoto 18 walikufa. Ku Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha bateri kilitia wakaaji sumu. Phyllis Omido alifanya kazi pale, na mtoto wake akapatikana na risasi mu damu. Alisimama pamoja na majirani. Mu 2020 korti iliamuru walipwe shilingi za Kenya miliari 1,3.

Sasa tufanye nini?

Bateri ya motokari iache nzima, imesimama wima mu beseni ya plastiki, mbali na watoto na kisima. Ukienda kununua mpya, uliza muuzaji kama anakamata ya zamani. Asidi usiimwange chini.

Bateri ya telefone yenye imevimba usiitoboe wala kuichaji: inaweza kuwaka moto. Iweke mu kopo la chuma lenye mchanga mkavu, inje ya nyumba.

Waya kwangua na kisu, usichome. Kioo cha televizio ya mgongo usivunje, nacho kiko na risasi.

Na kama bateri zilikwisha kupasuliwa kwenu, watoto wasicheze tena fasi ile, na wanawe mikono mbele ya kula. Mtoto akiumwa tumbo kila mara ao akilegea, mpeleke ku hospitali, umwambie munganga waziwazi: kwetu tulipasua bateri. Bila neno lile, anaweza kutafuta malaria tu.