Sikukuu haingoji awamu ya pili

Rwanda haina bahari, lakini ina pwani. Mtu wa Kigali akisema anakwenda ufukweni, ana maana ya Ziwa Kivu: Gisenyi, kilomita 150 na ushei kutoka mjini, au Kibuye, au Kamembe kule kusini. Alhamisi ya kuamkia Umuganura, sikukuu ya mavuno inayoangukia Ijumaa ya kwanza ya Agosti, foleni za kituo cha mabasi cha Nyabugogo hurefuka tangu alasiri. Watu wamebeba watoto, mikeka na mabegi, wanakwenda kutafuta ngoma, muziki wa usiku na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga mbele ya maji.

Sikukuu yenyewe ina historia nzito. Wabelgiji waliipiga marufuku mwaka 1925, na serikali ikairudisha rasmi mwaka 2011. Katikati ya miaka hiyo watu hawakuacha kula mtama mpya nyumbani kwao. Nalitaja hili mapema kwa sababu linasaidia kuweka mambo katika mpangilio wake: sherehe hutangulia, majengo hufuata.

Na majengo hufuata kweli. Mji mdogo wa ziwani au wa pwani ukianza kujulikana kwa sherehe zake za kila mwaka, hazipiti siku nyingi utasikia habari za uwanja wa maonyesho, njia ya kutembea kando ya maji, gati, vibanda vya biashara na vyoo vya umma. Sina haja ya kutaja mradi wowote hapa wala kumnyooshea mtu kidole. Ninachotaka kueleza ni mwendo wa miradi ya aina hii, kwa sababu hufanana mno, na kwa sababu mwisho wa mwendo huo ni mtu aliyesafiri saa tatu au nne na sasa anatafuta mahali pa kumnawisha mtoto mikono.

Ahadi huanzia kwenye mchoro. Katika mchoro miti imekwisha kukua na kutoa kivuli, ingawa mche wa siku ya uzinduzi utahitaji miaka mingi kufika hapo. Watu wanaotembea ni wachache na njia ni pana. Andiko la mradi huahidi mapato mwaka mzima, ajira kwa vijana, nafasi kwa mtu wa kiti cha magurudumu, na sehemu za kukaa zinazotosha siku ya umati mkubwa. Hakuna uongo katika ahadi hizo. Waliozitoa, kwa kawaida, wanazitaka kwa dhati. Shida ni kwamba upembuzi yakinifu huhesabu sana wageni wa siku ile moja, na huhesabu kidogo watu wa siku nyingine 364.

Kivu inatupa mfano mzuri. Wavuvi wa sambaza hutoka jioni na mitumbwi mitatu mitatu iliyofungamanishwa kwa miti mirefu, wakavua usiku kwa taa, wakarudi alfajiri. Chombo hicho hakiingii popote tu. Kinahitaji mwalo, ufuko wa mteremko mpole usio na ukuta. Njia nzuri ya kutembea inayokingwa na ukuta wa mawe inaweza kumpendeza mgeni wa Agosti ikamwondolea mvuvi mwalo wake mwaka mzima. Jambo hili ni rahisi kulitatua kwenye karatasi. Zege likishamwagwa, ni gharama.

Sheria nayo ina vipimo vyake. Nchini Rwanda ukanda wa mita 50 kutoka ukingo wa ziwa umewekewa ulinzi, na mipango isiyoupima mapema hulazimika kuhamisha vyoo au vibanda nyuma zaidi, penye mashamba ya watu. Hapo huingia fidia, ambayo sheria inataka ilipwe ndani ya siku 120 tangu kupitishwa. Anayengoja fidia ana haki ya kungoja, na mkandarasi anayengoja eneo lake naye ana hoja yake. Hakuna kati yao aliye mkorofi, na miezi inakwenda.

Ujenzi unaongozwa na kalenda tatu ambazo hazikukaa pamoja kupatana. Ya kwanza ni ya fedha: mwaka wa bajeti wa Rwanda huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Ya pili ni ya mvua: vuli kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba, masika kuanzia Machi hadi Mei. Ya tatu ni ya sikukuu. Sasa tuzipange. Fedha ikifunguliwa Julai, zabuni, tathmini na kusaini mkataba vitakula kiangazi chote kilichobaki. Mkandarasi anaingia saiti wakati mvua zinaanza. Anachimba msingi, unajaa maji. Januari na Februari anapata nafasi ya kupumua, kisha masika yanamrudisha nyuma. Inabaki Juni, mwezi ambao kila halmashauri inakimbilia kutimiza imihigo, yaani ahadi za utendaji zinazosainiwa kila mwaka tangu 2006, na mafundi wazuri wamegawanywa kwenye saiti nyingi. Wiki tano baadaye ni Umuganura.

Pwani ya Kenya kuna ugumu mwingine. Maulidi ya Lamu hufanyika Mfungo Sita, na mwezi huo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka kwa kalenda ya kawaida. Anayepanga mradi wa miaka mitatu kwa ajili ya Maulidi akiandika tarehe ya mwaka wa kwanza atajikuta amekosea kwa wiki tatu hivi kufikia mwaka wa tatu.

Tarehe ya sikukuu ina nguvu ambayo barabara au ghala havina. Barabara ikichelewa miezi miwili watu hununa na maisha huendelea. Sikukuu haichelewi. Wageni wamealikwa, ngoma zimefanyiwa mazoezi. Kwa hiyo zikibaki siku chache mhandisi na mkandarasi hufanya jambo ambalo hata mimi ningelifanya: wanamaliza kinachoonekana. Jukwaa linasimama. Rangi inapakwa. Taa zinazotazama jukwaa zinawashwa, hata kama umeme umevutwa kwa waya wa muda kutoka nyumba ya jirani. Utepe unakatwa, na watu wanafurahi, na furaha yao ni ya kweli.

Kinachobaki ni kile kisichoonekana katika picha. Maji, mifereji ya maji ya mvua, vyoo, njia ya mteremko kwa viti vya magurudumu, taa za njia ya kurudi kituoni, vivuli vya wauzaji. Vyote hivi huhamishiwa mahali panapoitwa awamu ya pili. Sijapata kuona neno lenye subira kama hilo. Haiwezi kusemwa kwamba kazi imeachwa, kwa maana imepangwa. Na haiwezi kusemwa kwamba itafanyika, kwa maana haina fungu la fedha wala tarehe.

Nakumbuka eneo moja la mapumziko kando ya maji, lenye bomba tatu za kunawia mikono. Koki zilikuwa mpya, mbili kati yake bado zimevaa nailoni ya dukani shingoni. Nyuma ya ukuta mrija uliishia hewani, umezibwa kwa kitambaa na kufungwa na waya. Mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma alikuwa ameweka jiko lake pale, kwa sababu ukuta ule ulimkinga na upepo wa ziwani. Ndoo yake ya maji alikuwa ameibeba kutoka nyumbani. Nikamuuliza, "Mama, maji haya hutoka siku gani?" Akaendelea kugeuza mahindi. "Walisema awamu ya pili, mwanangu." Hakulalamika. Aliongeza tu kwamba watoto wa wageni huzungusha koki, wakaona kimya, halafu wanakuja kumwomba maji ya ndoo, naye huwapa.

Kwa nini gharama hupanda? Watu wengi hufikiri moja kwa moja juu ya wizi. Wizi upo duniani, lakini hesabu inaweza kuharibika bila mtu kuchukua hata faranga. Tuchukue mfano wa kubuni: mradi wa faranga milioni 300. Robo yake, milioni 75, ni nondo, nyaya, taa na pampu zinazotoka nje. Vitu hivyo huja kwa lori karibu kilomita 1,500 kutoka Dar es Salaam kupitia mpaka wa Rusumo, na hununuliwa kwa dola. Faranga ikidhoofika na mafuta yakipanda, bei ikaongezeka asilimia 12, hapo pamekwenda milioni 9. Mvua na fidia zikichelewesha kazi miezi mitatu, walinzi, mitambo ya kukodi na ofisi ya saiti kwa milioni 2 kila mwezi ni milioni 6 nyingine. Kisha ardhi ya kando ya ziwa, iliyopimwa kwa mashimo machache, inakutwa ni tope chini, na msingi wa jukwaa unahitaji mawe zaidi: milioni 10. Jumla ni milioni 25. Fedha ya dharura ilitengwa asilimia 5, yaani milioni 15. Zinapungua milioni 10, na mara nyingi kiasi cha namna hiyo ndicho kilichokuwa kimewekwa kwa vyoo na maji.

Kuna pia gharama ya haraka yenyewe, nayo haiandikwi popote. Waya wa muda unavutwa kwa ajili ya sherehe, baadaye unang'olewa na kuvutwa wa kudumu. Sakafu ya nje inatandazwa ili wageni wasikanyage vumbi, kisha inachimbuliwa kupitisha bomba. Kazi moja hulipwa mara mbili.

Halafu makabidhiano. Kwa kawaida kuna makabidhiano ya awali, kipindi cha matazamio ambacho mara nyingi ni mwaka mmoja, na makabidhiano ya mwisho. Ukaguzi huuliza kama ukuta una nyufa na kama idadi ya taa inalingana na mkataba. Ni maswali ya lazima. Hayaulizi kama mtu anaweza kuingia. Uwanja unaweza kukidhi kila kipengele ukabaki umefungwa kwa kufuli miezi kumi na moja, kwa kuwa hakuna aliyepangiwa mshahara wa kufungua, kufagia na kulipia umeme. Wanaoufunga huwa na sababu nzuri: ukiachwa wazi bila mlinzi, taa zitaondoka. Lakini vijana waliokuwa wakicheza mpira pale kabla ya mradi sasa wanacheza barabarani, na ukiwauliza watakwambia mji wao umepata uwanja, wao wameukosa.

Hapa ningeanza kubadilisha kitu kimoja tu. Mkataba useme kwamba maji, vyoo na njia ya kuingilia ndivyo vinavyojengwa kwanza na kulipwa kwanza, jukwaa mwisho. Tarehe ya sikukuu ikifika kabla jukwaa halijakamilika, hakuna kitakachoharibika. Ngoma ya Kinyarwanda huchezwa vizuri kabisa juu ya nyasi. Muziki unaweza kupigwa juu ya jukwaa la kukodi kwa siku tatu. Choo cha kukodi kwa umati mzima ni kigumu kukipata, na bomba la maji halikodiwi.

Jijini Kigali tuna ushahidi wa karibu kwamba watu wanaweza kukusanyika bila jengo jipya. Siku zisizo na magari, zilizoanza mwaka 2016, hutumia barabara ileile ya kila siku. Magari yanazuiwa Jumapili asubuhi, watu wanakimbia, wanaendesha baiskeli, wanapimwa shinikizo la damu, kisha barabara inarudi kazini. Na kule Makunduchi, kusini ya Unguja, sherehe ya Mwaka Kogwa ina jengo lake pia: banda la makuti. Linajengwa, watu wanapigana kwa migomba, banda linatiwa moto na yule aliye ndani anatoka mbio. Kazi huisha siku ileile, na uwanja unabaki wa wanakijiji kama ulivyokuwa jana.

Sisemi miji ya Kivu isijenge. Mvua ikinyesha juu ya watu elfu kadhaa, makuti hayatoshi, na mama aliyejifungua miezi miwili iliyopita anahitaji zaidi ya nyasi. Nasema nikionyeshwa mchoro mpya, siku hizi natafuta kwanza mrija wa maji unaingilia wapi, mtumbwi utapita wapi alfajiri, na jina la cheo cha mtu atakayeshika ufunguo Jumatatu baada ya sikukuu, wakati mabasi yamekwisha kurudi Nyabugogo na yule mama bado anachoma mahindi.