Miezi Sita ya Vidonge

Wajukuu zangu, tuseme kuna kijana wa bodaboda pale Majengo, Dodoma mjini. Kikohozi kimeingia wiki ya tatu. Usiku analowa jasho, suruali zinampwaya. Majirani wanasema ni vumbi tu. Mama yake hakubali, anamfikisha kituo cha afya.

Anapewa kikopo, anaambiwa akatolee makohozi nje penye upepo. Vijidudu vya kifua kikuu husafiri hewani, na katika chumba kilichofungwa madirisha huweza kuelea kwa saa nyingi. Kijiko, sahani na kupeana mikono haviambukizi, kwa hiyo mwenzenu akiugua msimtenge. Makohozi yale huingizwa kwenye mashine, na kwa saa mbili hivi inajulikana kama ana kifua kikuu, na kama vijidudu vyake vimeshaizoea rifampisini, dawa kubwa ya ugonjwa huu.

Anakutwa nacho, anaanza dozi bila kulipa. Mkojo unageuka rangi ya chungwa. Asiogope, ni dawa hiyo. Baada ya wiki kadhaa kikohozi kinatulia, anashiba ugali, anarudi kijiweni. Hapo sasa ndipo penye hatari! Anajiona mzima, vidonge vinamchosha. Lakini dawa huanza kuua vijidudu vinavyozaana haraka; vile vilivyolala huchukua muda mrefu. Akiacha njiani vitaamka, na vingine vitakuwa sugu. Ndiyo maana dozi ni miezi 6: miwili ya dawa 4, minne ya dawa 2, na mtu wa nyumbani au mhudumu wa afya akimwona anameza.

Utaratibu huu ulikomaa hapa hapa kwetu, nami naona fahari kuwaambia. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma. Aliyeshirikiana nasi ni Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Czechoslovakia, ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu baada ya kufungwa katika kambi ya Wanazi. Kila mgonjwa aliandikwa daftarini na kufuatiliwa mpaka ijulikane amepona au la. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaueneza mfumo huo ulimwenguni.

Turudi kwa kijana wetu. Siku ile anaanza dozi, kabla hajaondoka kituoni, nesi anamuuliza: unalala chumba kimoja na nani? Anataja wadogo zake wawili. Kesho nao waje wapimwe, na yule asiyefika miaka 5, akikutwa hana ugonjwa, ataanzishiwa dawa ya kinga.