Nikeli ya Liparamba: Jinsi Mwamba Unavyopimwa Kabla ya Mgodi

Utafiti wa jiolojia unaotangulia mgodi hujibu maswali matatu, moja baada ya jingine: chini kuna nini, kipo kiasi gani, na je, kitalipa gharama za kukitoa. Liparamba, kata ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga, karibu na mpaka wa Msumbiji, ni mahali pazuri pa kuyafuatilia maswali hayo. Kinachotafutwa huko ni nikeli, metali ya chuma kisichoshika kutu na ya betri za magari ya umeme. Katika miaka ya 2020 kampuni ya Australia, Resource Mining Corporation, ilitangaza kuitafuta huko Liparamba na Mbinga. Kutafuta si kuchimba. Kati ya hatua hizo mbili kuna kazi ndefu ya kupunguza matumaini, na maeneo mengi yanayotafitiwa hayafiki kwenye uchimbaji.

Kazi huanzia mezani. Magharibi ya Ruvuma ina miamba ya makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni miamba migumu ya kale, yenye umri unaozidi miaka bilioni moja, iliyopikwa na kukunjwa kwa joto na shinikizo: naisi, granaiti na, hapa na pale, miamba myeusi mizito iliyopanda ikiwa imeyeyuka kutoka tabaka za chini. Kundi la pili ni miamba tabaka ya Karoo, mchanga na matope yaliyojaza mabonde takribani miaka milioni 300 hadi 200 iliyopita. Makaa ya mawe ya Ngaka, yanayochimbwa Ntunduwaro wilayani Mbinga na kampuni ya TANCOAL tangu 2011, yamo katika Karoo. Nikeli ya salfaidi, yaani iliyoungana na salfa, haitafutwi humo. Hiyo huzaliwa pale ambapo mwamba mweusi ulioyeyuka, wenye magnesiamu nyingi, umepata salfa ya kutosha. Matone ya salfaidi hujitenga, hubeba nikeli na shaba, na kwa kuwa ni mazito huzama chini ya chumba cha uji huo wa moto. Kwa hiyo ramani peke yake, kabla mtu hajavaa buti, imeshaondoa sehemu kubwa ya eneo.

Ramani hizo hutunzwa Dodoma, kwenye Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, ambayo mizizi yake ni idara iliyoanzishwa mwaka 1925 wakati wa utawala wa Mwingereza. Kati ya 1977 na 1980 ndege zilipita juu ya nchi zikipima usumaku na mionzi ya miamba, kwa mistari iliyoachana kilomita moja na kwa urefu wa mita 120 hivi kutoka ardhini. Data hiyo bado inatumika, lakini ina kikomo kinachosahaulika kirahisi. Mwili wa salfaidi wenye upana wa mita 100 unaweza kulala katikati ya mistari miwili bila ndege kuugusa. Ramani ya zamani isiyoonyesha kitu haithibitishi kwamba hakuna kitu. Ndiyo sababu katika miaka ya 2020 Wizara ya Madini ilirudia kwamba ni asilimia 16 tu ya nchi iliyokuwa imepimwa kwa jiofizikia ya kina, na kwamba lengo ni kufikia asilimia 50 ifikapo 2030.

Baada ya meza, mto. Mchanga wa kijito umetoka katika kila mteremko unaomwaga maji humo, hivyo sampuli moja ya kilo chache huwakilisha kilomita kadhaa za mraba. Kijito chenye nikeli na shaba kupita kawaida hufuatwa kuelekea juu hadi dalili zinapokatika. Hapo sampuli za udongo huanza kuchukuliwa kwa mistari iliyonyooka, kila baada ya mita 50 au 100.

Udongo wa Mbinga una matatizo yake. Kwenye miteremko ya Umatengo, nchi ya Wamatengo, wakulima wamelima ngoro kwa vizazi: nyasi hulazwa kwa miraba, udongo wa juu hufunikwa juu yake, na mashimo hubaki kukinga maji. Ni kilimo cha akili nyingi, lakini udongo wa juu katika shamba kama hilo umehamishwa mara nyingi mno kiasi kwamba haueleweki umetoka wapi. Fundi wa sampuli lazima ashuke chini ya kina cha jembe, hadi kwenye tabaka la udongo mwekundu ambalo halijasumbuliwa, na aandike shajarani kama mteremko umeporomoka. Mabonde ya chini upande wa Liparamba yana miombo na watu wachache, na usumbufu wa jembe hupungua. Huko tatizo ni mvua, ambazo kuanzia Desemba hadi Aprili huifanya kazi ya porini kuwa ngumu.

Mtego mkubwa zaidi umo ndani ya nikeli yenyewe. Miamba myeusi yenye magnesiamu nyingi ina nikeli kwa asili, hata gramu 2,000 kwa tani moja, iliyofungwa ndani ya madini ya olivini. Nikeli ya namna hiyo haina salfa na haitengeki kwa njia za kawaida za kiwanda cha salfaidi. Ikimomonyoka, hujaza udongo na kutoa doa zuri jekundu kwenye ramani ya kompyuta. Mwekezaji asiye na subira huliona doa hilo akaita waandishi wa habari. Mwanajiolojia huangalia kama shaba nayo imepanda mahali palepale, na pia platinamu na paladiamu, kwa sababu metali hizo huifuata salfaidi. Nikeli peke yake, bila shaba, mara nyingi ni habari ya mwamba tu, wala si ya mbale, yaani mwamba unaofaa kuchimbwa.

Jiofizikia huja kuangalia chini ya udongo. Kipimo cha usumaku huonyesha miamba yenye chuma cha sumaku, nayo miamba myeusi mara nyingi huwa nacho. Lakini mikanda ya miamba ya aina nyingine huwa nacho vilevile, kwa hiyo usumaku huchora umbo la jiolojia zaidi ya kuonyesha nikeli. Kipimo cha sumakuumeme ndicho kinachotegemewa zaidi. Waya mkubwa wa mviringo, ukining'inizwa chini ya helikopta au kutandazwa ardhini, hupitishiwa umeme unaokatwa ghafla. Kitu chochote chini kinachopitisha umeme vizuri huendelea kuutunza kwa kitambo kidogo, na vifaa husikia mwangwi wake. Salfaidi nzito hupitisha umeme vizuri sana.

Kinywe, yaani grafiti, nacho hupitisha. Kusini mwa Tanzania kuna kinywe kingi ndani ya naisi, kama Mahenge na Ruangwa zinavyoshuhudia, na mashine ya sumakuumeme haina namna ya kuvitofautisha viwili hivyo. Hapa ndipo vipimo hulazimika kusomwa pamoja. Kipitishi umeme kilicho juu ya mwamba mweusi uliochorwa na mwanajiolojia, chenye shaba kwenye udongo na usumaku karibu yake, kina sababu ya kuchorongwa. Kilicho peke yake, katika mkanda mrefu wa naisi unaoendelea kilomita kadhaa, kina dalili zote za kinywe. Gharama ya kuchanganya mambo haya mawili ni shimo la mita 300 lililochorongwa bure.

Uchorongaji ndio hatua ghali, na hapo kosa dogo la hesabu hukua. Tuseme shimo lililonyooka wima limekata mita 10 za mbale yenye nikeli asilimia 1.5. Taarifa huandika mita 10. Lakini kama tabaka la mbale limelala kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, shimo limelikata kwa mshazari, na unene wake halisi ni mita 5. Chukua mwili wenye urefu wa mita 200 na kina cha mita 100: kwa unene wa mita 10 na uzito wa tani 3.2 kwa mita ya ujazo, unapata tani 640,000 za mbale na tani 9,600 za nikeli. Kwa mita 5, kila kitu hukatika nusu. Ndiyo maana mashimo hulazwa kwa pembe inayokabiliana na tabaka, na msomaji makini wa taarifa za kampuni hutafuta kwanza kama urefu uliotajwa ni wa shimo au ni unene halisi.

Mwamba unaotoka kwenye mtambo hukatwa katikati kwa msumeno: nusu huenda maabara, nusu hubaki kwenye sanduku. Utaratibu huu unaonekana wa kawaida hadi mtu akumbuke Busang, Indonesia, ambako kampuni ya Kanada ya Bre-X ilisaga mwamba wote bila kubakiza nusu. Mwaka 1997 ilibainika kwamba dhahabu ilikuwa imetiwa ndani ya sampuli kwa hila, na kwa kuwa hapakuwa na nusu ya kukagua, udanganyifu ulikuwa umedumu miaka. Tangu hapo sampuli za kila kundi huchanganywa na nyingine za siri: zisizo na madini kabisa, zenye kiwango kinachojulikana, na zilizorudiwa. Majibu ya maabara yasipolingana na yanayotarajiwa kwa sampuli hizo, kundi zima hupimwa upya.

Matokeo hupangwa kwa daraja za uhakika, kwa kanuni kama ile ya JORC ya Australia iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989. Rasilimali ya kukisiwa hutokana na mashimo machache yaliyoachana mbali. Ya kuashiriwa hutokana na mengi zaidi. Iliyopimwa ndiyo yenye mashimo ya kutosha kufuata umbo la mbale bila kubahatisha. Akiba ni kitu kingine tena: ni ile sehemu ya rasilimali ambayo upembuzi yakinifu umeonyesha inaweza kuchimbwa kwa faida. Tani za kukisiwa hazijengi kiwanda.

Baada ya hapo maswali huacha kuwa ya mwamba tu. Liparamba kuna pori la akiba, na leseni ya madini haimpi mtu ruhusa ya kuingia hifadhini bila ridhaa ya mamlaka ya wanyamapori. Mkuju River, Namtumbo, mkoa huohuo, urani ilijulikana tangu enzi za vipimo vya mionzi vya ndege, lakini mradi ulilazimika kusubiri hadi mwaka 2012, UNESCO iliporekebisha mpaka wa Pori la Selous. Usafiri nao una bei yake: makaa ya Ngaka husafirishwa kwa malori hadi Mtwara, safari ya mamia ya kilomita, na reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay imebaki kwenye mipango kwa miaka mingi. Chuma cha Liganga, Ludewa, kinajulikana tangu zama za ukoloni na hakijawa mgodi mkubwa.

Kabanga, Ngara, ndiyo kipimo halisi cha muda. Nikeli yake iligunduliwa mwaka 1976 katika utafiti uliofadhiliwa na Umoja wa Mataifa, ina kiwango cha wastani kinachozidi asilimia 2, na leseni kubwa ya uchimbaji ilitolewa Oktoba 2021. Lakini leseni ya utafiti kwa sheria ya sasa huanza na miaka minne, nayo huongezwa kwa vipindi vifupi, huku mmiliki akirudisha sehemu ya eneo kila anapoongezewa. Mtafiti anayeondoka huacha ramani, shajara na matokeo ya maabara serikalini, na ripoti hizo huwekwa kwenye hazina ya data ya GST, ambako mwombaji mwingine wa eneo lilelile anaweza kuona ni mashimo gani yalikutana na kinywe.