Arnis, Eskrima, Kali: Ada Yako Inanunua Nini?

Ukipanga michezo ya mapigano kwa bei ya vifaa, ile ya Ufilipino inakaa karibu na mkia. Chombo chake kikuu ni fimbo ya henzerani yenye urefu wa sentimita 71 hivi na unene wa sentimita mbili na nusu. Ulaya au Marekani jozi moja huuzwa kati ya dola 20 na 40, na kule Cebu, Ufilipino, utaipata kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Mitindo mingi haidai sare, ulingo wala mikeka. Fulana, suruali ya mazoezi, fimbo mbili, basi.

Ndiyo maana wengi hujiandikisha wakidhani wameokota. Miezi michache baadaye wanagundua kwamba pesa zao zinatoka kwa mlango mwingine: mtihani wa mkanda, nauli ya semina, kofia ya chuma, au saa za mwalimu binafsi. Kila mtindo una mlango wake, na mlango huo unafuata jinsi mtindo unavyofundishwa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mtindo upi ni bora, uliza hivi: katika saa moja ninayolipia, nitapata dakika ngapi mbele ya mtu anayenishambulia kwa nia, huku anayejua zaidi yetu akituangalia?

Majina yasikusumbue sana. Watu wa Luzon husema zaidi arnis, wa Visayas eskrima, na kali limeenea kupitia walimu waliohamia Marekani. Tarehe 11 Desemba 2009 Rais Gloria Macapagal-Arroyo alitia saini Sheria ya Jamhuri namba 9850, iliyoutangaza arnis kuwa mchezo wa taifa na kuagiza uingizwe katika somo la elimu ya viungo shuleni. Ubao wa klabu unaweza kuandikwa jina lolote kati ya hayo matatu, na ndani ukakuta mambo tofauti kabisa.

Kwa mtu mzima anayeanza, mwenye vidole anavyovihitaji kazini Jumatatu, mlango mwepesi kuliko yote ni Modern Arnis. Mwanzilishi wake, Remy Presas, alizaliwa Hinigaran, Negros Occidental, na alijifunza katika mazingira ambayo mwanafunzi alipigwa mkononi hadi mkono ujue kukwepa. Vijana walikuwa wanaukimbia mchezo. Presas akaamua kwamba wakati wa mazoezi fimbo igonge fimbo, si mkono. Akachukua sare na mikanda kwa mfano wa karate na judo. Akapanga mashambulizi katika pembe kumi na mbili ambazo hata mtoto wa shule anaweza kuzikariri. Mpango huo unamwezesha mwalimu mmoja kuongoza watu ishirini kwa pamoja, na hapo ndipo unafuu wa ada unapotoka.

Bili yake imejificha kwenye mikanda. Kila ngazi inaweza kuja na ada ya mtihani, mkanda wenyewe, cheti, na pengine uanachama wa shirikisho la kimataifa. Omba orodha ya gharama zote kuanzia mkanda mweupe hadi mweusi, iliyoandikwa, kabla ya kulipa mwezi wa kwanza. Mwalimu mkweli atakupa bila kununa. Uliza pia cheti kinatambuliwa na nani, kwa sababu baada ya Presas kufariki mwaka 2001 wanafunzi wake waligawanyika katika mashirika kadhaa, na cheo ulichokipata huku si lazima kipokelewe kule. Kasoro ya mtindo ni kivuli cha sifa yake: unaweza kupanda ngazi miaka mingi bila kukutana na pigo ambalo kweli lilikusudiwa kufika.

Balintawak ya Cebu imeishika kasoro hiyo kwa upande wa pili. Venancio Bacon, maarufu kwa jina la Anciong, alijitenga na klabu ya Doce Pares mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kufungua yake, iliyopewa jina la kichochoro walichofanyia mazoezi, nyuma ya duka la fundi saa. Alitupa fimbo ya pili. Alitupa maonyesho. Kilichobaki ni fimbo moja, watu wawili waliosimama karibu kiasi cha kushikana, na mkono wa kushoto unaokamata, unaosukuma, unaozuia bila kupumzika.

Namna ya kufundisha ndiyo bidhaa yenyewe hapa. Inaitwa agak. Mwalimu anashambulia, mwanafunzi anajikinga na kujibu. Mwalimu anazuia jibu na kushambulia tena, na mchezo unaendelea bila kukatika. Mwanafunzi akilegea upande mmoja, pigo linalofuata linatoka upande huohuo. Akianza kubahatisha, mwalimu anavunja mpangilio. Akichoka, mwendo unapungua, kisha unapanda tena. Huwezi kukariri na kujificha, kwa sababu anayekupiga ndiye anayekufundisha, na anasoma kosa lako kabla hujalijua.

Piga hesabu sasa. Darasa la wanafunzi sita kwa saa moja linakupa dakika kumi na mwalimu. Dakika hamsini nyingine unarudia na mwenzako asiyejua zaidi yako, au unakaa pembeni unatazama. Anayeiona bei ya mwezi peke yake atasema ni ghali. Mimi naona kinyume: dakika kumi za agak zina mafunzo kuliko saa nzima ya kugonga fimbo hewani kwa mstari, mradi darasa lisizidi watu wanane. Likifika watu kumi na watano chini ya mwalimu mmoja, unalipia jina la Balintawak na kupewa kitu kingine.

Ndani ya Balintawak yenyewe kuna uchaguzi. Bacon alifundisha bila mtaala uliopangwa. Pigo lolote lingeweza kufuata lolote. Wanafunzi wake Jose Villasin na Teofilo Velez waliyapanga mafundisho katika makundi, ili kila somo lijengwe juu ya lililotangulia. Mtu anayepata nafasi mara moja kwa wiki atafute ukoo wa makundi. Njia ya Bacon inamfaa yule anayeishi jirani na mwalimu na ana miaka ya kutumia.

Doce Pares, ile iliyoachwa na Bacon, ilianzishwa Cebu mwaka 1932 na familia za Saavedra na Cañete. Ni duka kubwa lenye rafu nyingi: fimbo moja, fimbo mbili, fimbo na kisu, masafa marefu, masafa mafupi, na mieleka ya fimbo ambayo Ciriaco Cañete, aliyejulikana kama Cacoy, aliikuza kwa kuchanganya na judo na kuiita Eskrido. Anayependa kuonja kila kitu atafurahi. Anayependa kushindana atafurahi zaidi, maana kutokana na ukoo huu wa Cañete lilizaliwa shirikisho la WEKAF, lililofanya mashindano yake ya kwanza ya dunia Cebu mwaka 1989.

Hapo ndipo bei ya vifaa inaporuka. Kofia yenye nondo usoni, koti refu la sponji na glavu nzito huweza kufika dola 150 hadi 300 kwa seti. Klabu nzuri huwa na seti za kuazima. Uliza kuhusu jasho la wengine na namna wanavyozifua, maana si kila klabu inakumbuka. Ukaguzi wa kweli, hata hivyo, ufanye kwenye pambano lenyewe. Ndani ya koti lile pigo haliumi sana, na wachezaji wengi huacha kabisa kujikinga. Wanasimama na kumiminiana fimbo hadi kengele ilie. Ni mazoezi makali ya pumzi na ujasiri, na watoto huyapenda. Anayekuambia kwamba yanakuandaa kwa panga anakuuzia koti. Njia nyingine ya mashindano hutumia fimbo zilizofunikwa sponji, nayo ilikuwemo katika Michezo ya Kusini-Mashariki mwa Asia ya mwaka 2019, ambako arnis ilikuwa na medali 20 za dhahabu na wenyeji Ufilipino wakazoa 14.

Pekiti-Tirsia inatoka kwa familia ya Tortal ya Negros na ilisambazwa duniani na mjukuu wa familia hiyo, Leo Gaje. Fikra yake ni makali: fimbo inashikwa kama panga, miguu inaingia pembeni kwa kasi, na hakuna kubishana na silaha ya adui kwa muda mrefu. Wanajeshi wa majini wa Ufilipino wamefundishwa mfumo huu, jambo linalotajwa katika karibu kila tangazo lake. Nje ya Ufilipino, maarifa yake mengi huuzwa kwa semina za mwishoni mwa wiki, na hizo ndizo zinazokula bajeti. Ada ya semina ya siku mbili hufika kwa urahisi dola 150 au zaidi, kabla hujalipa nauli, malazi na chakula. Mtu anayehudhuria semina nne kwa mwaka bila mwenzake wa kufanya naye mazoezi katikati ya wiki anarudi kila mara mahali pale pale, akiwa na daftari nene zaidi.

Ukiwa London, Toronto au Minneapolis, darasa la kwanza utakaloliona huenda likawa la ukoo wa Dan Inosanto. Huyu ni mzaliwa wa Stockton, California, mwanafunzi na rafiki wa Bruce Lee, aliyejifunza kwa walimu wengi wa Kifilipino wa Marekani na kuchanganya waliyomfundisha. Mara nyingi kali yake hufundishwa ndani ya klabu yenye pia ndondi ya Thailand na mieleka, kwa ada moja ya mwezi ambayo katika miji mikubwa ya Marekani huwa dola 100 hadi 200. Kama utayatumia masomo yote, ni bei nzuri. Kama unataka fimbo tu, unawalipia wengine mikeka.

Katika madarasa haya, na mengi mengine, utakutana na sinawali, zoezi la fimbo mbili zinazosukwa kwa mdundo kati ya watu wawili. Aliyekua akiona kirumbizi Lamu anaelewa uzuri wake papo hapo: mlio, mwendo, macho ya watazamaji. Sinawali hufundisha uratibu na masafa, na inafaa sana kwa mwezi wa kwanza. Ikiwa miezi sita imepita na bado ndiyo sehemu kubwa ya kipindi, ulizia kitu kingine.

Upande wa mbali kabisa wako Dog Brothers wa Marekani, walioanza mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanavaa barakoa ya wavu ya wachezaji wa vitara na glavu nyepesi, kisha wanapigana kwa henzerani halisi bila koti. Kwa vifaa ni nafuu kuliko WEKAF. Gharama iko kwenye vidole vilivyovunjika na bima ya afya. Ushauri wangu ni kutazama mikutano yao kwenye video hata kama hutaingia kamwe, kwa sababu inaonyesha haraka ni mbinu zipi za darasani hupotea mtu anapogongwa kiwiko kwelikweli.

Masomo ya video ndiyo ya bei ya chini kuliko yote, na yana kazi moja: kukumbusha ulichofundishwa. Kamera haiwezi kukupiga.

Waswahili wanaoishi Muscat, Dubai au Doha wana nafasi ambayo wa Ulaya hawana. Wafilipino ni wafanyakazi wenzao hospitalini, hotelini na ofisini, na kwa kuwa arnis iko katika elimu ya viungo ya shule zao, si ajabu mtu wa meza ya pili akawa ameshika fimbo tangu utotoni. Muulize kabla ya kutafuta kwenye intaneti. Hata asipokuwa mwalimu, mwenzi wa mazoezi anayejua pembe kumi na mbili ana thamani kuliko usajili wa mwaka, na mwalimu akiwepo jirani, yeye ndiye atakayejua.

Siku ya darasa la majaribio usitazame mwalimu anavyozungusha fimbo. Wote wanajua kuzungusha. Tazama mwanafunzi wa mwaka wa pili. Mwombe akupige polepole, kisha kwa kasi, kisha bila kukuambia pembe. Tazama mwalimu anachofanya wawili wanapokosea: anapita, au anasimama? Hesabu wanafunzi, gawa saa. Ukiambiwa ulipe mwaka mzima siku hiyohiyo ili upate punguzo, sema utarudi kesho.

Ununuzi wa fimbo nao una mtego mdogo. Madukani utaoneshwa kamagong, mti mweusi wa jamii ya abnusi, na bahi, mbao ngumu ya mti wa huko wa jamii ya mnazi, zote zikiwa zimenakshiwa na kung'aa. Ni nzito, ni ghali, na mbele ya mwenzako ni hatari: hupasuka vijiti vyenye ncha, na pigo lake huvunja mfupa. Henzerani huchakaa kwa kuchambuka nyuzi, hivyo unaiona inavyozeeka na kuitupa kwa wakati. Zungushia utepe sehemu inayogongwa zaidi na utaongeza wiki kadhaa za matumizi. Nunua nne, si mbili.

Na ukienda Ufilipino kujifunza, fimbo zote ziende kwenye mzigo wa chini ya ndege, si mkononi. Balisong, kile kisu cha mikunjo cha Batangas kinachouzwa kama zawadi kwa watalii, kiache hukohuko isipokuwa umesoma sheria ya nchi unakoishi na ya nchi unakobadilishia ndege. Uingereza, kwa mfano, hairuhusiwi kukimiliki hata kikiwa nyumbani. Kwa mazoezi tafuta kisu cha mbao au cha alumini kisicho na makali, ambacho ndicho mwalimu atakachotaka uje nacho.