Kwa nini ampli ya kanisa inaungua mara kwa mara?

Katika makusanyiko yetu mengi ampli hununuliwa kwa sadaka ya miezi mingi. Ikinyamaza katikati ya ibada, mtu hufunga kipande cha waya mahali pa fyuzi iliyokatika ili kwaya iendelee. Hapo ndipo hasara ndogo inageuka kuwa kubwa. Fyuzi haikatiki bure. Inakatika ili kuokoa sehemu nyingine. Tukiweka mpya ya namba ileile nayo ikakatika mara moja, tujue kuna kitu kimeharibika ndani.

Mara nyingi kinachoungua ni transista za kutoa sauti, kwa sababu hizo hubeba umeme mwingi na kupata joto kali. Tunaziua kwa kuunga spika nyingi mno. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 4. Nne zinakuwa omu 2. Kama nyuma ya ampli imeandikwa omu 4, tusishuke chini ya hapo. Waya za spika zilizochubuka na kugusana huleta hasara ileile. Tena, vumbi likijaa kwenye vyuma vya kupozea, au tukiifunika ampli kitambaa cha kuipamba, joto linakosa pa kutokea.

Joto huua pia kondensata kubwa za umeme. Ndani yake mna majimaji ambayo hukauka polepole. Joto likiongezeka kwa digrii 10, maisha yake hupungua karibu nusu. Kondensata ikivimba kichwa, au spika zikivuma hata sauti ikiwa imeshushwa yote, tuishuku.

Kisha kuna jenereta. Umeme wake hupanda na kushuka inapowashwa na mafuta yanapokaribia kwisha. Tuiwashe kwanza, tuiache itulie, ndipo tuwashe ampli. Wakati wa kufunga, ampli itangulie kuzimwa.

Ampli ikitengenezwa, fundi asiichomeke moja kwa moja. Aupitishe umeme kwanza katika balbu ya zamani, ile ya uzi, ya wati 100. Balbu ikiwaka mara moja kisha ikafifia, ni dalili njema. Ikibaki inawaka sana, bado kuna shoti ndani, na balbu imeokoa transista mpya. Apime pia transista ndogo zinazoongoza zile kubwa, pamoja na rezista zilizo karibu. Akibadili moja tu, nayo itaungua siku ileile.

Asiye fundi asiifungue: kondensata hutunza umeme hata waya ukiisha kuchomolewa.

Basi, kabla ya kupitisha kikapu kwa ajili ya ampli mpya, tuulize kwanza: tumeunga spika ngapi? Vumbi lilipanguswa lini? Na mahali pa fyuzi, kuna fyuzi au kuna waya?